Mwanamke Aliyempikia Nicanor

Mwaka huo Nicanor alirudi kutoka Kanada na mashavu, na mashavu hayo ndiyo yaliyoleta maneno yote.

Miaka kumi na mitatu amekuwa akienda kule kwa mkataba, kuchuma nyanya ndani ya mabanda ya kioo. Huondoka katikati ya Februari, shamba lake mwenyewe likiwa halijaguswa jembe, na hurudi Oktoba, siku chache kabla watu hawajawapambia marehemu wao meza kwa sikukuu yao. Miaka yote hiyo akishuka basi pale kijijini kwao San Bernabé, mkewe Obdulia humtazama shingo kwanza, halafu mkanda. Akiona mkanda umetobolewa tundu jipya kwa msumari, hutikisa kichwa, humpokea begi na kusema, "Wamekumaliza, mume wangu. Twende ule." Basi miezi minne ya kukaa nyumbani ilikuwa miezi ya kumrudishia nyama mwilini. Supu ya kuku, maharage, mayai ya pilipili, chapati za mahindi zinazotoka kikaangoni moja moja mpaka mwenyewe aseme yatosha.

Safari hii alimtazama shingo, akamtazama mkanda, akarudi kumtazama usoni.

"Umenenepa," akasema.

"Ni hewa," Nicanor akajibu.

Hewa! Mtu mzima wa miaka arobaini na sita, na hakupata jawabu jingine.

Ukweli ulikuwa mwepesi, ila mdomo wake ndio uliokuwa mzito. Kule bwenini walikaa wanaume wanane na jiko moja. Miaka ya mwanzo kila mtu alijipikia kwa zamu, dakika ishirini kila mmoja, na mtu aliyeinama tangu alfajiri hapiki, anachemsha tu. Walikula mkate na mayai. Walikula maharage ya kopo yakiwa baridi. Halafu akaja mzee Fidencio, mtu wa Oaxaca, akayakataa mambo hayo. Alisema hawezi kufa ugenini huku tumbo lake linamlaani. Akashika jiko, na wenzake wakawa wanamfulia nguo na kumtandikia kitanda kwa shukrani. Kwa kuwa kitanda cha Nicanor kilikuwa karibu na jiko, mzee akamfanya msaidizi wake. Kaanga hiki. Saga kile. Usikoroge kama unachimba kisima. Miaka mitatu iliyopita magoti ya mzee yalikataa safari, na jiko likabaki kwa Nicanor.

Mwaka wa kwanza aliunguza. Wa pili wenzake walikula bila kusema kitu. Mwaka huu wa tatu, Jumapili moja, alipika mole, ule mchuzi mweusi wa pilipili kavu na viungo unaotaka siku nzima, na mwanamume mmoja wa Michoacán, mkubwa kama mlango, aliweka kijiko chini akalia. Alisema amemwona mama yake.

Sasa nenda ukayaseme hayo San Bernabé. Pale mwanamume huchinja, hupasua kuni, hubeba maji, na akishayafanya hayo hukaa. Yuko mmoja, jina lake halisi Leobardo, aliyeonekana mara moja tu akianika nguo, mkewe alipokuwa na homa. Mpaka leo, na ana wajukuu sita, anaitwa Kibanio. Hata padri amewahi kujisahau akamwita Kibanio mbele ya altare.

Tena haikuwa aibu hiyo peke yake. Kila Jumapili saa kumi jioni, Nicanor alipopiga simu nyumbani, Obdulia alimuuliza swali lile lile: "Umekula nini?" Miaka ya mwanzo alijibu ukweli, mkate na mayai, na Obdulia akasema kwa sauti ya chini, "Masikini wangu." Maneno hayo mawili Nicanor aliyabeba wiki nzima katikati ya mistari ya nyanya. Chakula kilipobadilika, aliogopa kuyapoteza. Kwa hiyo hata Jumapili ile ya mole, akiwa na shibe inayomzuia kuinama afunge kamba za viatu, alisema, "Mkate na mayai, mama watoto. Baridi."

"Masikini wangu," akasema Obdulia.

Novemba ilikuwa inaelekea kwisha alipojisahau. Alikuwa ameketi jikoni anaota moto, mkewe anatengeneza mchuzi, na harufu ikamfikia puani.

"Jira ungeikaanga kavu kwanza," akasema, "halafu ndiyo uisage."

Kijiko kilisimama. Mama yake Nicanor, bi Trinidad, aliyekuwa akichambua maharage kwenye sinia, naye aliacha kuchambua.

"Nani kakufundisha habari za jira?" Obdulia akauliza.

"Hakuna. Nimesikia tu."

"Umesikia wapi? Kwenye nyanya?"

"Watu huzungumza."

"Ahaa. Wanaume wa Kanada wakikaa pamoja, mazungumzo yao ni jira."

"Mara moja moja," Nicanor akasema, akatoka nje kwenda kupasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa.

Tangu siku hiyo macho ya Obdulia yakawa kazini. Aliona vifungo vya shati vimeshonwa kwa uzi wa rangi ile ile ya shati. Aliona mumewe akimaliza kula anapangusa meza kwa kiganja, makombo yote yanaingia kwenye mkono wa pili, kama mtu aliyezoezwa na mwanamke mkali. Kisha siku chache kabla ya Noeli, binti yao Yareli, msichana wa miaka kumi na sita, akawa anapekua simu ya baba yake kutafuta picha za theluji.

"Mama, njoo uone! Hawa watu wanakula vizuri!"

Pichani ilikuwapo meza ndefu. Bakuli la mole, wali mwekundu, chapati zimefunikwa kitambaa safi, na katikati chupa ya jemu yenye maua matatu ya njano. Nyuma ya kiti ilitundikwa aproni ya maua mekundu, yenye marinda pembeni.

Nicanor aliinunua kwenye mitumba ya kanisa moja kule, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwapo. Lakini aproni haina mdomo wa kujieleza.

Obdulia aliitazama picha ile muda wa kuiva yai. "Nzuri," akasema, akarudisha simu. Jioni ile alichukua blanketi lake akahamia chumbani kwa mama mkwe. Alisema bibi anasikia baridi.

"Mimi? Mimi sisikii baridi yoyote," bi Trinidad akasema.

"Utaisikia, Mama," Obdulia akasema.

Siku ya Wafalme, tarehe sita Januari, walikutana kwa kompadre Baldomero. Huyu na mkewe Eufemia ndio waliomsimamia Yareli ubatizo. Baldomero naye ni mtu wa Kanada, ila yeye shamba lake ni la matango, na ni mtu wa mdomo, ucheshi wake wote anautoa migongoni mwa wenzake. Ukakatwa mkate wa Wafalme, ule wa mduara wenye matunda ya sukari juu, na watu arobaini wakatafuna polepole kwa hofu. Ndani ya mkate huo hufichwa Mtoto Yesu mdogo wa plastiki. Atakayemkuta ndiye atakayewalisha wote tamali, unga wa mahindi wenye nyama ndani unaofungwa kwenye maganda na kupikwa kwa mvuke, siku ya Kandelaria, tarehe mbili Februari. Wako watu waliowahi kummeza ili mradi yasiwapate. Nicanor alimkuta kwa jino la nyuma.

"Amempata!" Baldomero akapiga kelele. "Usimfiche shavuni, kompadre, tunamwona! Ingawa mwaka huu mashavu yako yana nafasi ya kutosha!"

Nyumba nzima ikacheka. Eufemia akamshika Obdulia bega. "Pole, komadre. Kazi imekuangukia."

"Mimi? Mimi sikumpata mtoto yeyote," Obdulia akasema. "Aliyempata ana mpishi wake. Amwite aje."

Watu wakazidi kucheka, wakidhani ni utani. Nicanor akamtia Mtoto Yesu mfukoni.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Bi Trinidad na Yareli walitangulia.

"Maneno gani yale uliyosema mbele ya watu?" Nicanor akauliza.

"Umeyasikia."

"Mpishi gani?"

"Mwenye aproni."

Hapo ndipo Nicanor alipojua ameshitakiwa nini tangu Desemba. Alisimama katikati ya njia. Nusura acheke, na pengine angecheka mambo yangeishia pale pale.

"Hakuna mwanamke, Obdulia. Naapa kwa uhai wa mama yangu. Kule tunalala wanaume wanane, mwanamke haingii hata kuleta barua."

"Sawa. Nani alipika chakula kile?"

Nicanor akafungua mdomo. Alimwona Baldomero kule nyuma, mlangoni pake, bado anawapungia mkono. Akamkumbuka Kibanio. Akazisikia Jumapili zake zote, mkate na mayai, mkate na mayai. Akafunga mdomo.

"Umeona," Obdulia akasema taratibu. Sauti yake haikuwa ya ugomvi, na ndiyo maana iliuma. "Sasa nisikilize. Tarehe kumi na mbili unaondoka. Nenda. Lakini mwaka huu sikufungi begi, wala siji kwenye basi. Na Oktoba mkataba ukiisha, kama yuko wa kukupikia, baki kwake. Mimi miezi minane nalima, namtunza mama yako, namlea mtoto wako, na nakusubiri. Mtu mwenye njaa naweza kumsubiri. Mtu aliyeshiba simsubiri."

Mwezi mzima Nicanor alitafuta njia. Siku moja alimfuata kisimani akaanza, "Unajua, lile jiko la kule bwenini..." Obdulia akainua ndoo yake akaenda zake, na maji yakamwagikia Nicanor viatu. Siku nyingine alimkuta peke yake anakoka moto, akajikohoza, akasema, "Obdulia, vile vifungo..." Akatazamwa. Akasema, "Vimelegea," na haikuwa kweli. Tarehe ya basi ilikuwa inakuja, na kila alipolala peke yake kwenye kitanda kile kipana alijiambia kesho, kesho.

Kandelaria ilipokaribia, Obdulia alishika kazi kama ilivyokuwa lazima aishike. "Si kwa ajili yako," alimwambia mumewe. "Ni kwa ajili ya jina la mama yako."

Tamali si kazi ya mikono miwili. Bi Trinidad alipika nyama ya nguruwe na mchuzi wa pilipili nyekundu, Yareli akaosha maganda ya mahindi ya kufungia, Nicanor akaleta kuni na maji. Obdulia akawa na beseni la unga wa mahindi na mafuta ya nguruwe, anaupiga. Unga wa tamali hupigwa mpaka uwe mwepesi, uingiwe na hewa. Obdulia aliupiga kama anauadhibu. Nicanor, amesimama na mzigo wa kuni, aliona wazi kwamba unga ule bado mzito. Ulimi ulimwasha. Akaenda kuweka kuni chini.

Siku yenyewe, sufuria kubwa iliinjikwa uani asubuhi, maji chini, tamali zimesimamishwa juu yake zimebanana kama watu kanisani, kitambaa, kisha mfuniko. Unga uliobaki ukaachwa kwenye beseni kwa awamu ya pili. Saa tano bi Trinidad alifunua akatoa moja, akaifungua. Mbichi. Unga umegandia kwenye ganda kama uji. Wakafunika. Saa sita akatoa nyingine. Mbichi vile vile. Kengele ya kanisa ikalia, maana yake misa imekwisha na watu wanakuja, wamebeba sanamu ya Mtoto Yesu iliyovikwa nguo mpya, na njaa yao.

Bi Trinidad akafunika sufuria, akafuta mikono, akavuta kigoda akakaa.

"Nani ana kinyongo ndani ya nyumba hii?" akauliza.

Hakuna asiyejua San Bernabé kwamba tamali haziivi karibu na mtu mwenye hasira. Ujanani mwake bi Trinidad aliona sufuria ikichemka kutwa nzima bila kuiva hata moja, mpaka akafuatwa dada mtu kijiji cha pili aje apatane na mwenye nyumba.

"Si mimi," Yareli akawahi kusema. "Labda kidogo, kwa Karla, lakini tumeshasameheana."

"Sikuulizi wewe." Bi Trinidad akachukua maganda mawili, akayafunga kwenye vishikio vya sufuria yakasimama kama masikio ya punda. Ndivyo inavyofanywa, ili sufuria isisikie maneno mabaya. "Haya. Nyinyi wawili, izungukeni mkicheza."

"Mama, mimi sichezi," Obdulia akasema.

"Basi sema."

Obdulia alitazama moto. Moshi ulikuwa unamwendea usoni na hakuukwepa.

"Mwanao ana mwanamke kule Kanada," akasema. "Anapika kunishinda. Anamshonea vifungo. Anamwekea maua mezani. Sasa mimi tamali zangu ziive kwa lipi?"

Bi Trinidad akamgeukia mwanawe. "Ni kweli?"

Kutoka barabarani zilianza kusikika nyimbo za watu wanaokuja. Nicanor akamtazama mkewe, na akaona kwamba sasa si suala la aibu tena. Alikuwa anampoteza, pale pale, mbele ya sufuria.

"Kweli," akasema.

Yareli akashika mdomo.

"Yupo. Ana miaka arobaini na sita, ana masharubu, na amesimama hapa mbele yenu. Ni mimi, Obdulia. Mpishi ni mimi. Aproni ni yangu."

Kuku mmoja akapita kati yao na hakuna aliyemfukuza.

"Wewe?" bi Trinidad akasema. "Wewe uliyewahi kuunguza maji?"

"Uongo," Obdulia akasema. "Anamficha huyo mtu wake. Angalia mpaka anajidhalilisha kwa ajili yake."

"Nipe hilo beseni."

Alinawa mpaka viwikoni. Akapiga magoti mbele ya beseni, akamimina supu ya uvuguvugu kidogo, akaingiza mkono chini ya unga akaunyanyua na kuugeuza, akaunyanyua na kuugeuza, unga ukaanza kulia pa, pa, pa kama makofi ya mtu mwenye mikono mibichi. Akamega kijidonge, akakitia kwenye glasi ya maji. Kikazama. Akaongeza mafuta kidogo, akapiga tena, jasho linamtiririka kwenye masharubu. Akatia kijidonge kingine. Kikaelea juu kama bata.

"Wako ulikuwa mzito," akasema bila kuinua macho. "Uliupiga kwa hasira. Niliona jana, nikaogopa kusema."

Obdulia hakuitazama glasi. Alikuwa anatazama kifundo cha mkono wa mumewe, jinsi kinavyogeuka chini ya unga. Mkono haugeuki hivyo kwa kutazama wengine. Unageuka hivyo baada ya kupigia watu wengi, mara nyingi.

"Tangu lini?" akauliza.

"Miaka mitatu."

"Miaka mitatu." Akainua kidole kimoja. "Na Jumapili? Mkate na mayai?"

Nicanor akaendelea kupiga unga.

"Mimi Jumapili nilikuwa sili nyama, Nicanor! Eufemia anachinja kuku, ananiletea bakuli, namgawia mama yako na Yareli, mimi nakula chumvi na chapati. Najiambia, nitamezaje nyama na mume wangu anakula yai baridi? Kumbe wewe una mole! Na wali! Na maua mezani!"

Hili Nicanor hakulijua. Miaka yote hiyo hakuwahi hata kulifikiria, na lilimpiga kuliko yale ya mwanamke. Mikono yake ikalala ndani ya unga.

"Yareli," bi Trinidad akasema, "twende tukawatazame kuku."

"Kuku wana nini?"

"Twende, nimesema."

Wakabaki wawili na sufuria yenye masikio.

"Ulikuwa unaniambia masikini wangu," Nicanor akasema. Sauti ilikuwa ndogo kwa mtu wa mwili ule. "Kila Jumapili. Kule hakuna mtu anayekuita hivyo. Wanakuita kwa namba ya mstari wako. Nikasema, nikimwambia nimeshiba hataniambia tena. Basi nikadanganya mara moja, halafu nikashindwa kuacha."

Obdulia alikaa kwenye kigoda cha mama mkwe. Alifuta macho kwa ncha ya mtandio, na safari hii moshi ulikuwa unaelekea upande mwingine.

"Mjinga wewe," akasema. "Ungeniomba tu. Ningekuambia hata ukiwa umeshiba."

Kisha bega lake likaanza kutikisika. Nicanor alidhani analia, akainuka na mikono yake ya unga asijue aiweke wapi, kumbe ni kicheko. "Ana masharubu," akasema, akashindwa kuendelea. "Ana masharubu, anasema... Na ile aproni ina marinda!"

"Hawakuwa na nyingine."

"Usiniongezee!"

"Sisikii mtu akicheza!" bi Trinidad akapaza sauti kutoka bandani kwa kuku.

Basi wakacheza. Walizunguka sufuria mara moja kwa kuona haya, mara ya pili kidogo vizuri, Obdulia ameshika mkanda wa mumewe kwa nyuma, Nicanor ameinua mikono juu unga unadondoka. Na hapo ndipo lango lilipofunguliwa, na wa kwanza kuingia, mbele ya Mtoto Yesu na watu wote, alikuwa Baldomero.

"Mama yangu mzazi!" akasema. "Njooni muone! Bibi Nicanora anatupikia!"

Watu arobaini wakashusha nyimbo. Nicanor alihisi jina lile linashuka kutoka hewani linamtafuta mahali pa kutua. Lakini Obdulia alishapita mbele yake.

"Ndiyo, anapika," akasema. "Na anapika kuliko mimi, leo nimemwona. Na wewe kompadre, kule kwenye matango yako nani anakupikia?"

"Sisi kule..." Baldomero akacheka peke yake. "Sisi kule tuna utaratibu."

Eufemia akageuka akamtazama mumewe kama mtu aliyekumbuka kitu. "Hebu tuambie, Baldomero. Utaratibu gani? Nani anapika?"

"Kila mtu, yaani, kwa zamu, unajua..."

"Nani?"

Baldomero akatazama viatu vyake. "Maharage ni mimi," akasema.

"Na chapati?"

"Na chapati."

"Supu ni mimi," ikasema sauti ya mwanamume huko nyuma, na mwingine karibu na lango akakohoa akasema kwao yeye ni wa wali. Mzee Kibanio, aliyekuwa amembeba Mtoto Yesu, ilibidi ampe mtu mwingine amshike, kwa jinsi alivyokuwa anacheka. Miaka ishirini alilibeba jina lile peke yake.

Wakamimina maji ya moto kwenye sufuria, Nicanor akafunga tamali za unga mpya pamoja na wanawake, wakazipanga juu ya zile za kwanza. Saa nane na nusu zote zilikuwa zimeiva, za juu na za chini. Wako watakaosema zile za kwanza zilikosa mvuke, maji yalikuwa yamekauka chini na hakuna aliyeangalia. Bi Trinidad hataki kusikia habari za maji.

Meza zilipangwa uani. Siku nyingine zote Obdulia husimama nyuma ya watu mpaka wa mwisho ashibe, ndipo naye ale kwa kuegemea ukuta. Leo alivuta kiti akakaa katikati ya Eufemia na bi Trinidad, akakunja mikono akasubiri. Nicanor akamletea sahani. Obdulia akafungua ganda polepole, mvuke ukapanda, akaonja. Watu walijifanya wanazungumza, lakini walikuwa wanamtazama.

"Chumvi imepungua," akasema.

"Kidogo," Nicanor akakubali.

Akaimaliza. Akachukua ya pili. Alipofika ya tatu, akiwa bado anatafuna, alimwita mumewe kwa kidole.

"Huyo mwanamke wa Kanada, vyombo anaosha pia?"

"Anaosha."

"Basi ile sufuria akaisugue kwa majivu, imeungua chini."

Nicanor hakuondoka. Alisimama na kitambaa begani. "Na tarehe kumi na mbili?" akauliza.

"Tarehe kumi na mbili nitakuja kwenye basi, masikini wangu," Obdulia akasema. "Sasa niache nile."

Nicanor akaenda kutafuta majivu.